Kadi ya Sita ya Mamajusi

Niliondoka Euless, kando ya Dallas, katika juma la pili la Majilio kwa sababu Laurenti alikuwa ameipata kadi niliyoitafuta miaka mingi. Binti yangu Speciosa nilimwambia naenda kumsalimu rafiki, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Ninyi mliobaki nyumbani niwaeleze kwanza. Zamani watu wa huku walitumiana kadi za posta zilizochorwa kwa kila sikukuu. Sasa zimelala katika maduka ya vitu vya kale, na huko ndiko tulikopata burudani yetu sisi wazee wawili tuliokuwa makatekista pamoja katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Laurenti hukusanya chochote: sungura wa Pasaka, kengele, hata bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani aliyevaa kofia. Mimi hukusanya Mamajusi tu. Mchoraji mmoja aliichora safari yao katika kadi sita, zenye dhahabu iliyotuna hata ukipapasa kwa kidole unaihisi. Nilikuwa nazo tano, mgongo mweupe, hazijawahi kuandikwa. Kwa sisi wakusanyaji, mgongo mweupe ndio fahari ya kadi. Ya sita, ile ya Mamajusi wakirudi kwao kwa njia nyingine, ilinikimbia.

Ndipo Laurenti akanipigia simu kutoka Houston.

"Katekista, nimeipata ya sita. Mgongo mweupe kama kanzu ya ubatizo."

"Basi nitakuja, ili mimi nami niisujudie."

Akacheka. "Ndivyo alivyosema Herode. Usisafiri, mzee mwenzangu. Kaa nyumbani ungoje."

Ningoje nini? Mtu wa bata mzinga ameokota wafalme wangu, kisha ananizuia nisiwaone.

Asubuhi, Dallas. Speciosa alitoka shifti ya usiku hotelini akanipeleka kituo cha basi.

"Baba, mwendo wote huo kwa ajili ya karatasi?"

"Si karatasi."

"Haya. Msalimie baba Laurenti. Na usibishane naye."

Kabla ya Corsicana nilitoa rozari. Nilipofika tendo la tatu la furaha, Kuzaliwa kwa Bwana, niliona hori, kisha ngamia, kisha ngamia haohao mezani kwa Laurenti kando ya bata mzinga. Nikaanza upya. Mashamba yakaisha, misonobari ikaanza, tukaipita sanamu nyeupe ndefu iliyo kando ya barabara, Huntsville, nami bado nilikuwa kwenye tendo lilelile.

Mchana, Houston. Hewa ilikuwa na unyevu kama jikoni. Imelda, mke wa Laurenti, alitupikia ndizi na maharage, tukala tukashukuru. Kisha Laurenti akaleta albamu, akafunua taratibu: sungura, kengele, bata mzinga. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na zile pembe nne za kushikia kadi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Mzee, kunywa chai."

"Mwambie basi," Imelda alisema, akicheka ndani ya kikombe chake.

"Nimwambie nini? Nilimwambia angoje."

Laurenti alipopata nyumba yenye bustani sikumwonea wivu. Nilimshukuru Mungu pamoja naye. Wanawe walipomaliza chuo niliimba kwa sauti kubwa kuliko baba yao. Lakini kwa kadi hii moja, wivu ulinikalia kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili tulikwenda Misa pamoja. Wakati wa kupeana amani nilimpa Laurenti mkono. Mkono ulikwenda, moyo ulibaki kitini.

Kurudi. Njia nzima nilijiambia kwamba ameificha. Huntsville, Corsicana, Dallas, neno ni hilohilo.

Euless, jioni. Speciosa alifungua sanduku la barua kwenye ngazi za nyumba.

"Baba, umeandikiwa."

Mamajusi watatu walikuwa mkononi mwake, ngamia wakiipa Yerusalemu mgongo, dhahabu ikingali inang'aa. Kadi ilikuja bila bahasha. Nikaigeuza. Mgongo mweupe haukuwapo tena. Palikuwa na stempu, na muhuri wa siku ileile aliyonipigia simu Laurenti, na mwandiko wake mnene wa kalamu ya buluu: "Katekista, ya sita ni yako. Ilichorwa itumwe, nami nimeituma. Noeli njema. Laurenti na Imelda."

Mkusanyaji yeyote angelia. Mimi niliketi ngazini.

Nilizipanga zote sita katika albamu, nikazitazama mpaka chai ikapoa. Wivu haukuondoka, ulihama tu. Sikumwonea tena wivu kwa kadi. Nilimwonea wivu kwa ule mkono ulioweza kuandika juu ya mgongo mweupe bila kutetemeka.

Nikaichomoa kadi ya kwanza, ile ya nyota. Nikairudisha. Nikaichomoa tena, nikaandika jina la Laurenti upesi, nisipate nafasi ya kufikiri. Wino ukavuja kidogo kwenye herufi ya kwanza.

"Baba, nikuletee bahasha?" Speciosa aliuliza.

"Hapana. Itakwenda hivihivi."

Katika albamu yangu zimo tano.