Mteremko Nilioupima kwa Toroli

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilijiona fundi kuliko mafundi wote kuanzia Kagongwa hadi Ushirombo. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimetoka machimboni Geita mwaka uleule, mikono imejaa sugu na kichwa kimejaa sifa. Chuo kikuu kimoja huku kwetu kilitaka njia ya mteremko pembeni ya ngazi za ukumbi wa mitihani, ili mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu aweze kuingia. Mzee Masanja, fundi mkuu wetu, akaniachia kazi ile niifanye peke yangu.

Sasa mimi kipimo changu nilikuwa nacho. Kule machimboni tulikuwa tukisomba mawe kwa toroli, na njia ilihesabiwa nzuri kama mwanaume mmoja anaweza kuipanda na mzigo bila kusimama. Basi zege lilipokauka nikapakia toroli mifuko miwili ya saruji, nikaipandisha mbio hadi mlangoni. Vibarua wakapiga makofi. Nikasema, kazi kwisha!

Jumatatu asubuhi akaja mwenye kile kiti cha magurudumu. Aliitwa Kabula, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ushetu, mwaka wa pili akisomea ualimu. Tangu afike chuoni, wenzake walikuwa wakimbeba mgongoni kupanda zile ngazi. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba siku za vipindi alikuwa hanywi maji tangu asubuhi, asije akalazimika kuomba abebwe kwenda chooni. Hebu fikiria, na jua la huku unalijua.

Akashika magurudumu, akasukuma. Alipofika karibu nusu ya njia mikono ikaishiwa nguvu, kiti kikarudi nyuma kwa kasi, madaftari yakamwagika vumbini. Nami, kwa ujinga wangu, nikasema kwa sauti kubwa, "Si wakusukume tu?"

Akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Fundi, kama ni kusaidiwa, hata zile ngazi zilikuwa zinatosha. Jumatatu ijayo ni mtihani wa mwisho. Siku hiyo nikibebwa tena, nafunga mizigo yangu narudi kwetu."

Aibu niliyoipata, acha tu!

Kumbe Mzee Masanja alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akaniuliza swali moja. "Kabla hujamwaga zege, ulimuuliza yeye?" Nikajitetea kwamba nilipima kwa toroli. "Toroli linapanda kwa miguu yako, we mtoto. Yeye anapanda kwa mikono." Kisha akavua kofia, akamwendea Kabula. "Mwangaluka, mayo," akamwamkia kwa Kisukuma, kwa heshima anayopewa mama mtu mzima. "Tumekosea. Tufundishe."

Kabula akahamia juu ya rundo la matofali, akaniambia nikalie kiti chake nijaribu mwenyewe. Mimi niliyekuwa nashuka shimo la dhahabu kwa kamba moja, nikasukuma mara nne, mara tano, nikarudi kinyumenyume hadi kwenye lundo la mchanga, miguu juu. Kabula alicheka mpaka akafuta machozi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Tangu pale udadisi ukanishika, mwanangu, usiku na mchana silali vizuri. Mlango ule ukifunguka kumwelekea, anarudi nyuma vipi bila kuteleza? Mvua ikinyesha na magurudumu yakajaa matope, mikono anaifutia wapi? Kokoto na mchanga, kipi kinamsumbua zaidi? "Fundi, nawe umezidi maswali," akaniambia, lakini akajibu yote. Akanipeleka hata kwa rafiki yake asiyeona, naye akanionyesha goti lililovimba. Alijigonga kwenye ndoo yangu mwenyewe, niliyoiacha barazani katikati ya njia. Wiki nzima nilikuwa napita pale na sikuiona kuwa ni kitu.

Tukalaza mbao juu ya matofali, Kabula akajaribu kupanda. Akikwama, tunarefusha. Tukarefusha, tukarefusha, mpaka mbao zikaingia kwenye bustani ya maua ya chuo. Msimamizi wa bustani akaja juu. Mzee Masanja akamjibu kwa upole, "Maua yatahama." Nikabomoa zege langu kwa sururu, mchana kweupe, vibarua walewale wakinitazama. Jumatano tukamwaga jipya, nikawa nalimwagilia maji asubuhi na jioni.

Siku ya mtihani Kabula alikuja peke yake. Katikati ya njia tulikuwa tumemwekea mahali tambarare. Akatua pale, akavuta pumzi. Moyo wangu haukuvumilia, nikanyanyuka nikamsukume. Mzee Masanja akanidaka shati. "Kaa chini!" Kabula akasukuma tena, akafika mlangoni, akaingia. Hakugeuka, wala hakusema asante.

Nilinuna, sikufichi. Mzee Masanja akaniangalia. "Wewe tangu asubuhi umepita milango mingapi?" akaniuliza. "Na umemshukuru fundi gani?" Nilikaa pale kwenye matofali mpaka mtihani ukaisha, na nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kupata dhahabu.

Basi nawe unayekwenda chuo mwaka huu, nisikilize. Ukikutana na mwenzako mwenye ulemavu, usikimbilie kumsukuma wala kumshika mkono. Muulize kwanza, na akikwambia hapana, iwe hapana. Ukijenga kitu, au ukichaguliwa kiongozi wa wanafunzi, mwite atakayekitumia kabla zege halijamwagwa. Usipime safari yake kwa nguvu zako. Na akipita bila kukutazama, usinune kama mimi.

Mungu akulinde huko uendako, mwanangu, akujalie kuuliza mapema. Na siku magoti yako yatakapogoma kama haya yangu, ukute mtu ameshakujengea njia, upite zako.