Nguzo ya Kona

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kimara alitaka kupandisha ghorofa. Nyumba nilimjengea mie, miaka kumi na kitu iliyopita, kwa hiyo injinia alipokuja kupima nguzo, nami niliitwa.

Injinia alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Alinipa shikamoo, akafungua kiboksi chenye skrini ndogo na vipande viwili vya duara vyenye waya. Nilibandua plasta, akapaka grisi, akabana kipande kimoja upande huu wa nguzo ya katikati na kingine upande wa pili.

"Huku natuma sauti, huku naipokea," alisema. "Sikio haliisikii. Zege likishikana inapita haraka. Pakiwa na uwazi inazunguka, inachelewa."

Nilikuwa na siri. Nguzo ya katikati tuliimwaga kwa siku mbili. Mvua ilitukatiza usawa wa kifua, tukamalizia kesho yake. Ningeweza kusema mapema, lakini nilitaka kuona kama kile kiboksi kitajua.

Kilijua. Namba ya muda wa sauti kupita ilipanda kidogo, akarudia kupima.

"Hapa mlikatisha kumwaga?"

Nikaeleza habari ya mvua.

"Miaka yote hiyo hukuniambia," alisema mwalimu.

"Sikukuambia, mwalimu. Nisamehe."

Injinia akasema pale pameshikana, si pa kutisha. Nikashusha pumzi.

Tukahamia nguzo ya kona, ile niliyozoea kuwaonyesha mafundi wenzangu kwa kujisifu. Chini kabisa namba iliruka. Akafuta grisi, akapaka upya. Ikawa ileile.

"Haiwezekani," nilisema. "Hii niliisimamia mwenyewe."

"Basi tupachimbe, baba."

Nikachukua tindo na nyundo. Nyuma ya ngozi nyembamba ya saruji, kokoto zilikuwa zimekaa wazi, hazijashikana, na katikati yake mfuko mtupu wa saruji uliojikunja. Niliuvuta ukatoka. Kidole changu kiliingia hadi kwenye nondo. Nilibaki nimechuchumaa, nikijiuliza mfuko ule uliingia saa ngapi, na mie nilikuwa naangalia wapi.

Ghorofa ilisubiri. Tuliegemeza slabu, lile zege la juu, kwa milunda ya miti, tukachimbua pabovu pote, tukafunga nondo mpya na kumwaga zege kwa mchoro wa injinia. Aliporudi kupima, nilimwomba nishike kipande kimoja.

"Bana zaidi," alisema.

Nikabana. Namba ikatulia chini, nikamsomea mwalimu. Kisha nikaomba tupime upya nguzo zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekataa.