Slaidi Niliyomficha Halima

Ipo siku moja naikumbuka kila nikiona hadubini, mwanangu, na kwa kuwa kesho unaanza kazi maabara, acha nikusimulie.

Nilikuwa na miaka minne kazini hapa Songea alipoletwa Halima kutoka Tunduru. Mdogo kwangu, mpole, ana macho ya ajabu kwenye hadubini. Muda si mrefu madaktari wakawa wanasema, "Mpelekeeni Halima aangalie." Wivu ulinikaba, sikufichi. Akisifiwa wakati wa chai, chai yenyewe hainishuki.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba slaidi, kile kioo chenye sampuli ya uvimbe wa titi, isomwe na watu wawili kabla majibu hayajatoka. Siku hiyo alikuja mama mmoja wa Lusewa, ana kivimbe titi la kushoto. Daktari akamchoma sindano nyembamba, akavuta kidogo, nikapaka kwenye slaidi na kuitia rangi. Nikatazama. Damu na mafuta tu, seli za uvimbe hakuna. Maana yake sindano haikupata kitu, mama achomwe tena. Lakini nikimpa Halima, atasema vilevile, na sifa zitakuwa zake. Nikajiambia, sijaona saratani, basi haipo. Nikaandika hivyo, nikasaini peke yangu. Mama akaondoka anacheka.

Mchana Halima alipokuwa anapanga slaidi, akaiona.

"Dada, hii ina damu na mafuta tu. Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Ameshachukua majibu, kaenda stendi."

"Majibu gani, dada?"

Nikamsogezea daftari la majibu. Halima akatoka mbio hadi stendi na koti lake jeupe, akamkuta mama ameshakaa kwenye basi, akamshusha. Sindano ya pili ilileta seli tele, kubwa, zimevurugika. Ilikuwa saratani, bado changa. Wakamfanyia upasuaji, akapona.

Baada ya mavuno mama yule akaja na gunia la mahindi. Nikajua ni la Halima, roho ikaanza kuniuma. Kumbe akanikumbatia mimi.

"Halima kaniambia wewe ndiye uliyeshtukia kosa, ukamtuma anifuate. Mungu akubariki, mwanangu."

Nikamtazama Halima. Ameinamia hadubini, kama hasikii. Hapo ndipo nilipaswa kusema kweli. Sikusema. Nilimwonea wivu hata kwa wema ule, na mahindi nikayapokea. Mama yule ameniletea mahindi kila mavuno, nimeyala hadi nimestaafu, na ukweli ndio kwanza nautamka leo, kwako.

Basi sikia. Usiandike kwamba ugonjwa haupo kwa sababu tu hukuuona. Slaidi ikiwa tupu, sema ni tupu, mgonjwa achomwe tena. Na ukiwa na shaka, mpelekee yule unayemwonea wivu kuliko wote, maana huyo ndiye unayejua anaona kukuzidi.

Mungu akupe macho mazuri, mwanangu. Akupe na mwenzako mwenye macho kukushinda, na moyo wa kumwita mapema, mgonjwa akiwa bado kwenye benchi la kusubiri.