Jani Lililogoma Kukua

Tangu azikwe Arcesio, mwanawe wa pekee, Bi Betsabé hutoka kibarazani kila asubuhi na kikombe cha kahawa asichokinywa, akainama kuufunga mmea wake kwenye gogo. Mimi jirani yake humwona kutoka jikoni kwangu. Mara nyingi arepa zangu, mikate ya mahindi, huungua nikimtazama.

Kibaraza hicho kilikuwa fahari ya mtaa wetu hapa Jericó, mji wa milimani. Palikuwa na filodendroni mbili zilizofanana kama mapacha, majani ya umbo la moyo, kijani cha kukaribia weusi, laini kama mahameli. Moja ni ile ndogo ya kuning'iniza, ambayo kila nyumba inayo. Nyingine Arcesio aliing'oa korongoni, wiki chache kabla mlima haujaporomoka barabarani na kumfunika.

"Hii ya mwanangu ukiipa gogo la kupandia, jani linakuwa sinia," Betsabé alizoea kujigamba. "Hiyo nyingine hata uipe mnara wa kanisa, itabaki kiganja tu."

Zikiwa changa, macho hayasaidii. Lazima upapase kikonyo: cha ile ya korongoni kinakwaruza karibu na jani, cha ile ya nyumbani kinateleza. Yeye hakuhitaji kupapasa, maana ya Arcesio ilikuwa kwenye kopo jekundu la maziwa.

Katika siku za maombolezo wifi yake Rubiela, mtu asiyejua kutulia, akaona makopo yanatia aibu mbele ya wageni. Akaihamishia mimea yote kwenye vyungu vyeupe. Alikuwa na nia njema, najua, lakini nilitamani kumzaba kofi. Siku ya mwisho ya sala, kama desturi yetu ilivyo, kila mwombolezaji aliondoka na mmea. Huombi wala hutoi shukrani, unabeba tu. Betsabé, macho yamemvimba, hakuangalia nani amechukua nini. Rubiela akachukua chungu kimoja kati ya vile viwili vya filodendroni, akapanda basi kurudi kwake jijini Medellín.

Betsabé akakipatia gogo chungu kilichobaki, akasubiri. Mwaka ukapita. Kila jani lililofunguka lilikuwa dogo kama lililotangulia.

"Limechoka na baridi," nilimwambia siku moja, kwa kukosa la kusema.

"Labda," akasema, akakaza uzi.

Mwezi uliopita nilikwenda Medellín kung'oa jino, nikapita kwa Rubiela. Pembeni mwa dirisha lake mmea ulikuwa umepanda hadi darini, majani yananing'inia marefu kuliko mkono wangu. Nilipapasa kikonyo. Kilikwaruza.

"Umeona makubwa hayo?" Rubiela akacheka. "Wifi alinipa kitu kidogo, kimenijazia nyumba. Mwanangu Yeison anataka nikikate."

Nilirudi na shavu limevimba na moyo mzito, nikaenda moja kwa moja kwa Betsabé.

"Shoga, wa Arcesio uko kwa Rubiela. Kesho nakwenda kukuletea."

Hakushtuka. Akaendelea kufunga.

"Najua. Nilipapasa asubuhi ile ile, basi lilipoondoka."

Nilikasirika kweli. "Mwaka mzima! Na mimi nakudanganya na baridi! Si ungemwambia tu akurudishie?"

"Unajua kinachotoka nyumba ya msiba hakirudishwi. Kikirudishwa, msiba unahamia kwenye nyumba kilikokuwa."

"Hayo ni ya bibi zetu, Betsabé. Basi nitakata kipande tu, hata hatajua."

"Hata kipande." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Rubiela naye ana mwana mmoja tu."

Pengo la jino liliniuma, nikafurahi kuwa na kisingizio cha kufuta machozi.

"Majani yamefika wapi?" akauliza baadaye.

Nikanyoosha mikono, mmoja juu, mmoja chini. Aliitazama nafasi iliyokuwa katikati kwa muda mrefu, na sikuthubutu kushusha mikono mpaka mabega yakaanza kutetemeka.

"Mkubwa hivyo," akasema.

Kisha akageukia ule mdogo, akaufungua uzi uliokuwa umelibana shina, akaufunga tena taratibu, sehemu ile ile.