Dawa ya Baba Fides

Asubuhi ile nilikuwa naanika dagaa wa usipa juu ya mawe, nikimfokea mume wangu, Baba Fides, kwa kuwagawia majirani samaki kabla hatujaweka wa kwetu. Alicheka tu. Tuliishi upande wa Msumbiji wa ziwa, na vita tulikuwa tukivisikia redioni.

Milio ya risasi ikaanzia kanisani.

Tulijitupa kwenye matete. Maji yakatufika kifuani. Watu wenye bunduki wakapita karibu. Baba Fides alimbeba binti yetu mabegani, hakutikisika.

Walipoondoka tulivuka mpaka kwa mtumbwi hadi Lundo, kwa shangazi yake. Huko mume wangu akaanza kukohoa makohozi ya rangi ya kutu, akihema haraka, ubavu ukimchoma. Shangazi alisema ni baridi ya maji, achanjwe chale. Muuguzi wa zahanati alikataa.

"Shikamoo, shangazi. Hii ni nimonia. Bakteria wameingia kwenye mapafu, usaha umekaa mahali pa hewa."

Akampa vidonge. "Kaka, umalize vyote, hata ukijisikia mzima."

Homa ilishuka haraka. Akala ugali, akaanza tena kunitania. Lakini nyumba ilijaa wakimbizi wenzetu, na baadhi yao walikohoa. Niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta amekwisha kuwagawia vidonge vyake, kama anavyogawa samaki.

"Baba Fides, dawa yako!"

"Mimi nimepona, mke wangu. Nimeze peke yangu, wenzangu wanakohoa?"

Homa ikarudi.

Kucha zake zikageuka rangi. Tukaandikiwa rufaa ya hospitali ya Mbinga. Alifia njiani, kichwa mapajani mwangu.

Muuguzi alinieleza polepole: dawa ilipunguza bakteria, haikuwamaliza, waliobaki wakazaana. Nikamuuliza kuhusu wale waliogawiwa.

"Niliwapima, mama. Yalikuwa mafua tu. Yangeisha yenyewe."

Sasa nalima kahawa Mkumbi. Fides amekuwa mrefu, ana kicheko cha baba yake, na akicheka huwa nageuka upesi nikidhani ni yeye. Namkumbuka mno mume wangu, na hasira nayo bado ninayo.

Wale wenzetu hunipigia simu mara kwa mara. Huapa kwamba mume wangu ndiye aliyewaponya. Siwasahihishi. Huwauliza, "Eti alisema nini vile, alipowapa?" nao wananisimulia tena.