Nyoka Hana Mkono

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha aliyoichora shule ya Jumapili. Nyoka alikuwa mkubwa kuliko Adamu na Hawa, tena amevishwa taji. Nikajiuliza, mla mavumbi huyu amepewa taji la nini?

Alasiri moja ya utoto wangu, Temeke, mama alikuwa akitwanga mpunga uani, na harufu ya pumba ilichanganyika na moshi wa kuni. Nyoka akaanguka kutoka kwenye makuti ya paa, akajikunja mbele ya miguu yangu. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba nyoka alimwangusha Hawa kwa maneno. Basi sikukimbia. Niliziba masikio kwa vidole nisisikie atakaloniambia, na kwa hiyo sikumsikia mama akiniita niondoke.

Mchi ulipita karibu na goti langu ukamponda nyoka kichwa. Mama akanishika mabega.

"Mbona umesimama kama mlingoti, mwanangu?"

"Niliogopa atanidanganya, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwinua yule nyoka kwa kijiti. "Huyu? Mtazame vizuri. Hana hata mkono wa kuchuma tunda. Ana domo tu, kama walevi wa kilabuni."

Leo najua kwamba aliyesema bustanini hakuwa mnyama wa kwenye makuti, bali Shetani. Hata hivyo namdharau vilevile, na namshukuru Mungu kwa mama yule. Nikijaribiwa, sihangaiki kumtafuta nyoka. Hutazama mikono yangu mwenyewe.