Asiyeimba Kachoka

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilitoka kwa mara ya kwanza na klabu ya joging ya mtaani kwetu Mbagala. Watu hukimbia wakiimba. Mie pumzi nilikuwa nayo, ila kuimba mbele za watu naona aibu, nikawa nakimbia bila kuimba. Kiongozi akanipulizia filimbi.

"We mdogo wangu, asiyeimba kachoka! Rudi nyuma ukatembee na kina mama."

"Sijachoka, kaka," nilisema, kwa sauti ndogo mno.

"Mwacheni bonge, mtamuua!" mmoja akadakia kunitania unene wangu, wakacheka.

Nikatembea njia yote, hata jasho halikunitoka. Kiongozi kapima mdomo wangu, miguu hakuiangalia.

Jumapili asubuhi nilikimbia peke yangu mpaka Rangi Tatu na kurudi, kimya, wala sikusimama.